Yai la Chumba Namba Nane

Mwalimu alikuwa katikati ya somo lake la saa moja na nusu asubuhi, na darasa limetulia kama watu wanaosubiri mvua ikatike, tumbo la mtu mmoja lilipounguruma kule nyuma. Liliunguruma kwa kirefu, likapanda, likashuka, likamalizia kwa mlio mwembamba kama wa mlango unaohitaji mafuta. Darasa zima likaangua kicheko.

"Huyo naye ana swali?" mwalimu akauliza. "Haya, semeni kweli. Wangapi hapa wamekunywa chai asubuhi hii?"

Mikono sita ikainuka kati ya watu sabini.

"Na nyinyi wengine mmefunga?"

Majibu yakaja kwa fujo. Mmoja alisema usingizi wa alfajiri ni mtamu kuliko mkate. Mwingine akasema foleni ya bafuni na foleni ya bwaloni zinaanza saa moja, na mtu ana miguu miwili tu. Kijana aliyevaa kofia ya sufu akaeleza kwamba yeye kifungua kinywa hukiunganisha na chakula cha mchana, maana haoni sababu ya kuosha mikono mara mbili. Watu wakacheka tena. Kisha msichana aliyekaa karibu na dirisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake, "Mimi asubuhi huwa sisikii njaa."

Mwalimu hakumchimba. Maneno yale, kwa sauti ileile ya kuyapita haraka, aliwahi kuyasema yeye mwenyewe miaka thelathini na kitu nyuma, katika chuo kingine, na yalikuwa uongo wa mchana kweupe. Asubuhi alikuwa akisikia njaa mpaka masikio yanavuma. Alimaliza somo, akafuta ubao, akaenda kukaa ofisini kwake na mlango ameurudisha, na kwa muda wa saa nzima hakugusa hata karatasi moja.

Siku hizo hakuwa mwalimu wa mtu. Alikuwa Twiga, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa bweni lake, na kwa sababu mwenzake wa chumba, aliyeitwa Redio, alikuwa na kipaji cha kumpa kila mtu jina kabla hajamjua jina. Redio alipewa lake na wengine. Alianza kuongea akiwa bado amefumba macho kitandani, na usiku sentensi yake ya mwisho ilikuwa ikikatwa na usingizi katikati, kama mtu aliyechomoa waya. Walikaa chumba namba nane, vitanda viwili vya chuma, meza moja, na kabati ambalo mlango wake mmoja ulifunguka tu ukipigwa teke mahali palepale pa siku zote.

Bweni lilikuwa juu ya kilima, bwalo chini. Kutoka dirishani Twiga aliona bati la jiko na moshi wake, na kila alfajiri, kabla hata ndege hawajaanza kelele, aliujua moshi ule ulipoanza kutoka. Alijua pia ni nani aliyewasha moto. Alikuwa mama yake.

Mama yake alikuwa amefanya kazi katika bwalo lile miaka kumi na minne. Alianza mwaka ambao baba yake Twiga, seremala, alifariki. Zamu yake ilikuwa ya alfajiri hadi saa sita: kuwasha majiko, kuchemsha chai na mayai, kisha kusimama nyuma ya meza ndefu na birika kubwa la bati, lenye masikio mawili, na kumimina vikombe mia sita mpaka mkono ufe ganzi. Wanafunzi walimwita Mama Birika. Wengi hawakujua kama ana jina jingine, na yeye hakuwahi kuwasahihisha.

Twiga alikulia katika habari za chuo kile. Jioni mama yake alirudi na simulizi: nani kafaulu, nani kaachwa na mchumba akalia juu ya uji, nani kalala mezani na shavu limegandana na jamu. Alirudi pia na madaftari ambayo wanafunzi waliyatupa mwisho wa muhula. Alichana kurasa zilizoandikwa, akazishona zilizobaki nyeupe kwa uzi wa gunia, na kwenye madaftari hayo Twiga alisomea hesabu tangu darasa la nne. Siku barua ya kukubaliwa chuoni ilipofika, mama yake aliisoma amesimama, akaikunja, akaifunua, akaisoma tena. Kisha akaenda kuosha uso, akarudi, akasema, "Sasa nitakuwa na mtu wangu kwenye foleni."

Lakini siku ya kuhamia bwenini, walipokuwa wakifunga sanduku, mama alibadili neno.

"Sikiliza, mwanangu. Pale bwaloni mimi ni Mama Birika, kwako kama kwa wengine. Usiniite mama mbele za watu. Sitaki waseme unajaziwa kikombe kwa sababu ya undugu."

"Sawa, mama," Twiga akajibu.

Alijibu upesi mno. Mzigo fulani ulimtoka mabegani, na papo hapo akajiona mbaya kwa kujisikia mwepesi hivyo. Mama yake aliendelea kubana kamba ya sanduku kama hakuona kitu.

Asubuhi ya kwanza alishuka kilima na Redio. Mlangoni alisimama mlinzi waliyemwita Forodha, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa na kazi mbili: kuweka alama kwenye orodha ya majina kila mtu aingiapo, na kupekua mikoba kila mtu atokapo, maana chakula cha bwalo kilikuwa hakiruhusiwi kuvuka kizingiti. Twiga alikuwa bado nje, watu watano nyuma ya mlango, alipomwona mama yake. Kitambaa cheupe kichwani, mikono imeinua birika, mvuke umemfunika nusu ya uso. Mbele yake kijana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa alikuwa ameinamia kikombe chake.

"Mama Birika," kijana akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu, "hii ni chai au ni maji uliyooshea sufuria?"

Watu wakacheka. Mama yake naye akacheka, tena kicheko kizuri tu, akamwongezea kidogo. "Kunywa, baba. Sufuria zetu ni tamu."

Haikuwa kitu. Ulikuwa utani wa asubuhi, na yule kijana, kama Twiga alivyokuja kumjua baadaye, hakuwa mtu mbaya. Lakini Twiga alisimama palepale. Alijiona amefika mbele ya meza ile na kikombe, anamtazama mama yake machoni na kusema "asante, Mama Birika" kama mtoto wa watu. Au anasema "asante, mama," na meza tatu zinageuka. Hakuona lipi kati ya hayo mawili lilikuwa na nafuu.

"Nimesahau kitu," akamwambia Redio, akapanda kilima.

Kesho yake alisema tumbo linamsumbua. Keshokutwa akasema kwao hawakuzoea kula mapema. Baada ya wiki mbili alikuwa na jibu moja alilolitumia kwa wote: "Asubuhi huwa sisikii njaa." Mchana na jioni alikula bwaloni kama kawaida, zamu ya mama yake ikiwa imekwisha. Jumapili alikwenda nyumbani, kwenye chumba chao kile cha nyumba za wafanyakazi, akala mpaka akajinyoosha, na mama yake akamtazama akila na asimuulize neno. Walizungumza habari za masomo, za majirani, za paa linalovuja. Bwalo halikutajwa, kama vile lilikuwa nchi ya mbali ambayo hakuna kati yao aliyewahi kufika.

Darasani ndiko ilikokuwa vita. Saa nne herufi za ubaoni zilianza kuogelea. Alijifunza ujuzi wa kunywa maji ya bomba polepole na kubana mkanda tundu moja zaidi.

Mwezi wa pili, asubuhi moja, Redio aliingia chumbani akipiga teke kabati kwa furaha, akatoa kwenye mfuko wa koti lake la maabara kitu kilichofungwa kwa leso. Vipande viwili vya mkate na yai la kuchemsha, bado lina moto.

"Pokea. Umetumiwa."

"Na nani?"

"Mama Birika. Kaniuliza, 'Mbona yule mwenzako mrefu simwoni asubuhi?' Nikamwambia yule anasoma mpaka anachelewa kuamka, halafu anajidai hana njaa. Akatazama huku na huku, akanifungia hiki. Kasema, 'Mpe, na umwambie asipokula namkuta na upawa huko huko juu.' Sasa mimi najiuliza, kakujuaje wewe ni mrefu, na hujawahi kutia mguu asubuhi?"

"Labda ananiona mchana," Twiga akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu.

"Mchana hayupo yule." Redio akafikiri kwa sekunde mbili, ambazo kwake zilikuwa nyingi. "Basi labda ni mchawi. Kula, yai linapoa."

Twiga aligeukia ukutani kama anayetafuta mwanga, akamenya yai. Ndani ya leso kulikuwa na chumvi, imefungwa kwenye kipande kidogo cha karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne kama mama yake alivyokunja dawa za unga Twiga alipokuwa mtoto. Alikula kila punje.

Tangu siku hiyo leso ilikuja kila asubuhi ya wiki. Redio alipita mbele ya Forodha na yai kwenye mfuko wa koti, anaongea mfululizo kiasi kwamba mzee yule alimpungia mkono aende zake ili masikio yapumzike. Mara kadhaa Twiga alitaka kumwambia rafiki yake ukweli. Kila mara akaishia kuuliza habari za foleni. Kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi, maana sasa angelazimika kueleza yale ya nyuma pia.

Ikafika asubuhi ya muhula wa tatu, siku ya mvua. Twiga alikuwa akichana nywele aliposikia miguu inakimbia kwenye ukumbi, na mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Redio alikuwa amelowa chapachapa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa ameshindwa kusema.

"Nini?"

"Twiga, nimemponza Mama Birika."

Akaeleza kwa vipande. Mfuko wa koti ulikuwa na tundu. Alipokuwa mlangoni, yai likapenya, likaanguka, likabingirika sakafuni polepole mpaka likagonga kiatu cha Forodha. Forodha akaliokota, akaliuliza, "Na wewe unasomea nini?" Watu wakacheka, na labda ingeishia hapo. Lakini meneja wa bwalo alikuwa nyuma yao siku hiyo, na meneja hakuwa mtu wa vicheko. Akauliza yai limetoka wapi. Redio, kwa woga, akatamka jina la Mama Birika, na kwamba yai ni la mwenzake.

"Kamwita mbele, Twiga. Mbele ya watu wote. Anasema kuiba ni kuiba, hata kama ni yai. Anasema atamwachisha kazi leo leo."

Twiga hakukumbuka kuvaa viatu, lakini lazima alivaa. Alikumbuka mvua usoni na kilima kinavyoteleza, na Redio nyuma yake anapaza sauti, "Sasa wewe unakwenda kufanya nini? Hata hakujui!"

Bwaloni vijiko vilikuwa vimenyamaza. Meneja, mtu mnene mwenye tai fupi, alisimama katikati ya meza, yai mkononi. Mbele yake mama yake, mikono imefutwa kwenye aproni na kushikiliwa hapo.

"Nakuuliza mara ya mwisho," meneja akasema. "Huyo mwanafunzi unayempelekea chakula ni nani kwako?"

"Si mtu kwangu," mama yake akajibu. Alikuwa mtulivu, kama anayetaja bei ya kitu sokoni. "Ni mtoto wa watu. Nilisikia hali chochote asubuhi, nikamwonea huruma. Kosa ni langu peke yangu."

Twiga alisikia maneno yale amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Mama yake alikuwa bado anamficha. Alikuwa tayari kupoteza miaka kumi na minne ili mtu mmoja mrefu aendelee kupita katikati ya wenzake bila kutazamwa.

"Ni mwongo," Twiga akasema.

Vichwa mia sita vikageuka. Alitembea katikati ya meza, viatu vinatoa sauti ya maji, na njia ile haikuwahi kuwa ndefu namna ile.

"Ni mama yangu," akasema alipofika. "Mama yangu mzazi. Yai hilo ni langu."

"Binti, nenda darasani," mama yake akasema kwa sauti ya chini.

"Siendi, mama."

Neno lile likatoka, na halikuua mtu. Akalirudia, kama aonjaye kitu mara ya pili. "Siendi, mama. Bwana meneja, mimi ni mwanafunzi hapa. Nina haki ya chai na yai kama wote. Sikuja kuchukua kwa sababu..." Akatazama sakafu, akainua uso tena. "Kwa sababu ya ujinga wangu mwenyewe. Yeye alinifuata na haki yangu."

Hapo Forodha akakohoa. Alikuja polepole na orodha yake kwapani, akalowesha kidole, akafunua.

"Meneja, kwa idhini yako. Jina lake hili hapa. Tangu chuo kifunguliwe sijaliwekea alama ya asubuhi hata siku moja. Nilikuwa namngoja." Akamtazama Twiga juu ya miwani. "Kwa hiyo yai hakuibiwa mtu. Limevuka mlango, hilo ndilo kosa, na mlango ni wangu. Miaka yote hii mimi na huyu mama tunafungua jiko pamoja. Unadhani sikujua lile koti la maabara limebeba nini?"

Mahali fulani mtu akacheka kidogo, kisha wengine, na bwalo likapumua. Meneja alikuwa mtu wa sheria, na sheria ikamponyoka mikononi. Alitoa onyo kali kwa mama, kwa Redio na kwa Forodha. Mama Birika, akasema, atahamia nyuma, kuosha masufuria, mpaka mwisho wa muhula. Kisha akaona bado ameshika yai, akaliweka juu ya meza iliyokuwa karibu, akaondoka.

Kijana wa viatu vinavyong'aa ndiye aliyekuwa kwenye meza ile. Alisogea, akasogeza na kikombe chake. "Kaa hapa," akasema, na masikio yake yalikuwa mekundu. Twiga akakaa. Mama yake akaliinua birika kwa mara ya mwisho muhula ule, akamjazia kikombe, sawa na cha mtu mwingine yeyote, wala si tone zaidi.

"Asante, mama."

"Kunywa kabla hakijapoa," mama yake akasema, na haraka akaenda jikoni na kona ya aproni machoni.

Redio hakumsemesha Twiga siku mbili, jambo lililowatia hofu watu wa bweni zima. Siku ya tatu akavunjika. "Miezi saba nabeba yai la mama yako kifuani kama kuku, na wewe unaniambia labda anakuona mchana!" Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Alikuja kuwa daktari wa watoto, na hadi leo anaongea.

Tangu asubuhi ile Twiga hakukosa kifungua kinywa hata siku moja mpaka alipohitimu. Muhula ule, akimaliza kula alizunguka nyuma, kwenye dirisha la mahali pa kuoshea masufuria, ambako mvuke ulitoka na kelele za bati. "Shikamoo mama." "Marahaba. Umekula?" "Nimekula." Basi. Maneno hayo matatu manne, kila siku, na alikwenda darasani na mwendo wa mtu aliyeshiba. Miaka imepita, bwalo lile limebomolewa na mahali pake pamejengwa ukumbi wa vioo, na Twiga amekunywa chai katika hoteli zenye vitambaa vya mezani vilivyopigwa pasi. Hajapata tena asubuhi kama zile.

Jambo moja alichelewa sana kuliuliza. Alikwishakuwa mwalimu, ana watoto wawili, na mama yake amestaafu na anakaa kwake. Walikuwa uani mchana mmoja, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja, watoto wamelala.

"Mama," akasema, "ulijua kwa nini nilikuwa siji?"

Mama yake alitupa jiwe dogo, akaendelea na kidole.

"Nilijua siku ya kwanza. Nilikuona umefika mlangoni ukageuka. Urefu huo ungejificha wapi?"

"Na hukukasirika?"

Mama alitikisa ungo. "Babu yako alikuwa akisukuma mkokoteni wa taka. Ulikuwa unapita mbele ya shule yetu kila siku saa nne, wakati wa mapumziko. Na mimi kila siku saa nne nilikuwa chooni. Miaka mitano, mwanangu. Walimu walidhani nina ugonjwa." Akacheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. "Alikufa kabla sijatoka humo chooni. Kwa hiyo ulipogeuka pale mlangoni sikukasirika. Nilisema moyoni, huyu ana muda. Nimlishe tu wakati namngoja."

Mama yake akausogeza ungo upande wa Twiga.

"Upande wako una mawe mengi," akasema. "Tazama vizuri, macho yangu siku hizi hayaoni."

Twiga akainamisha kichwa, akaendelea kuchambua.